Sare ya send-off: mshono mmoja wa Instagram, wanawake 24, na kila mmoja anaulaumu mwili wake

UziNaSindano (Mbagala):

Habari za jioni wadau. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa kukata, na wa picha pia.

Kazi ni sare ya send-off, wanawake 24, umri kuanzia miaka 19 hadi 63. Kamati imechagua mshono Instagram: gauni la kitenge la kubana mpaka magotini, juu koseti, mkono mmoja wa puto, mpasuo nyuma. Aliyevaa kwenye picha ni umbo namba nane. Zimebaki wiki 5.

Magauni 3 ya mwanzo yameshajaribiwa. Hakuna lililokaa kama la kwenye picha, na wote watatu walipojitazama kwenye kioo hawakusema gauni lina kasoro. Mmoja kasema "ni hili tumbo langu", mwingine "mimi sina shepu". Wengine wanne wanataka niwakatie inchi 2 pungufu kwa sababu "mpaka siku hiyo nitakuwa nimepungua". Kuna wawili wamenunua mkanda wa tumbo, mmoja anakunywa chai ya kupunguza mwili, na binti wa miaka 19 ananiuliza kama vidonge vya kuongeza hipsi vinafanya kazi.

Nataka kujua: nikate vipi mshono huu ukubali miili 24? Niwaeleze nini kuhusu ile picha? Na hizo inchi 2 nizikate au nikatae?

---

Mkata Paterni:

Dada, hizo inchi 2 usizikate. Kata kwa mwili uliosimama mbele yako leo. Acha inchi 1 ya akiba kila upande wa mshono wa ubavuni, na inchi 1 nyingine kwenye mshono wa nyuma penye zipu. Akipungua, kubana gauni ni kazi ya dakika 20. Asipopungua na ulishakata pungufu, kitambaa hakirudi, na atakayelia usiku wa kuamkia sherehe ni yeye.

Sasa mshono wenyewe. Magauni mengi ya kubana hukosea kwa sababu fundi huchukua vipimo vitatu tu: kifua, kiuno, hipsi. Kwa mshono huu chukua hivi:

- Kifua, na chini ya kifua peke yake. Koseti inategemea tofauti ya vipimo hivi viwili.
- Bega hadi ncha ya titi, na umbali wa ncha hadi ncha. Mwenye miaka 60 na mwenye miaka 19 wanaweza kuwa na kifua cha inchi 40 wote wawili, lakini ncha zikapishana inchi 2 au 3 kwa urefu. Ukitumia paterni (kielelezo cha karatasi cha kukatia) moja, vikombe vya koseti vitakaa juu ya titi la mmoja wao.
- Kiuno. Mfunge uzi wa elastiki, mwambie apinde pembeni mara moja, halafu pima pale uzi ulipotulia.
- Hipsi za juu, inchi 4 chini ya kiuno, kisha hipsi kamili, inchi 8 au 9 chini. Tumbo la chini linaonekana kwenye kipimo cha kwanza.
- Hipsi akiwa amekaa kwenye kiti. Hapo huongezeka inchi 1 na nusu hadi 2, na send-off watu hukaa saa 5.
- Kiuno hadi goti mara mbili, mbele na nyuma. Mwenye makalio makubwa, nyuma huzidi inchi 1 au zaidi. Usipoiongeza, pindo litapanda nyuma.
- Mkono, akiwa ameukunja kiwiko.

Kitenge hakivutiki, kwa hiyo lazima uache nafasi ya kupumua: kifua inchi 2, kiuno inchi 1, hipsi inchi 2.

Nikupe mfano wa hesabu. Mteja ana kiuno 34, hipsi 46. Ukiongeza nafasi unapata 35 na 48, tofauti inchi 13. Fundi mwenye haraka anaweka dati (kikunjo kinachoshonwa kwa ndani ili kuchonga kiuno) moja kubwa kila upande, na ncha ya dati inatuna kama mfuko. Mteja akiuona huo mfuko anaamini ni nyama uzembe. Zigawe inchi 13 hivi: mishono ya ubavuni ina kingo 4, kila kingo ichukue inchi 1 na robo, jumla 5. Nyuma weka dati 4 za inchi 1 na robo kila moja, jumla 5. Mbele weka dati 4 za robo tatu ya inchi, jumla 3. Dati za nyuma ziwe ndefu, inchi 5 au 6, za mbele inchi 3 au 4. Mwenye tumbo mbele umpunguzie zaidi dati za mbele na kinachobaki ukihamishie ubavuni, kwa sababu dati hulifinya gauni pale pale tumbo linapohitaji nafasi.

Wakati wa kujaribu, isome mikunjo. Mikunjo ya kulala chini ya kiuno nyuma maana yake hipsi zimebana na sketi inapanda kutafuta penye nafasi. Mkunjo mmoja mnene juu ya makalio maana yake mgongo wake umebonyea na kitambaa kimezidi urefu: toa kabari ya nusu inchi katikati, iishie sifuri ubavuni. Mistari ya msalaba kifuani maana yake upana umepungua. Kila mkunjo una jina na dawa yake kwenye paterni. Mteja halijui hilo, kwa hiyo mtajie kwa sauti kosa ni la nini: "hapa dati yangu imekuwa fupi", "hapa nimekubana hipsi za juu". Akisikia fundi analitaja kosa la mkasi, hatalitafuta mwilini mwake.

Kabla ya kugusa kitenge, kata koseti za amerikani kwa wale wenye vifua vikubwa, piga bandi (mshono wa muda wa kufumuliwa), jaribu. Amerikani ni rahisi kuliko kukosea kitenge cha sare ambacho duka limeshamaliza.

---

Kamera na Kitenge:

Kuhusu picha, dada, una bahati kuwa ni kitenge, maana kitenge chenyewe ni rula.

Maua au duara za kitenge hujirudia kwa kipimo kile kile kitambaa kizima. Ifungue hiyo picha, ikuze, linganisha duara la kifuani na la hipsini. Kama la kifuani ni mviringo na la hipsini limetanuka kama yai, wakati mwili hapo haujageuka, picha imevutwa kwa programu. Halafu tazama kilicho nyuma yake: mistari ya vigae, fremu ya mlango, nondo za dirisha. Programu ya kuvuta mwili haichagui, inasogeza kila kilicho karibu. Kiuno kikiminywa, na fremu ya mlango hujipinda kuelekea kiunoni. Kwenye video mwambie mtu apitishe mkono mbele ya kiuno chake: kichujio kikiwa kinafanya kazi, mkono au ukuta hutetereka mara moja.

Hata picha isiyoguswa na programu ina mambo yake. Aliyevaa anaweka uzito mguu wa nyuma, anasukuma hipsi upande, anageuza kiwiliwili nusu, anatenga mkono na mwili ili mwanga upite kiunoni, anavuta tumbo na kushika pumzi. Hakuna anayeweza kutembea hivyo mpaka meza ya chakula. Nyuma ya gauni mara nyingi kuna vibanio au pini. Masanamu ya madukani Kariakoo ni vile vile: zunguka nyuma ya sanamu uone gauni lilivyokusanywa kwa pini.

Na simu nayo ina tabia yake. Lenzi kuu ya simu ni pana, karibu sawa na milimita 24 hadi 26 za kamera kubwa. Ukimpiga mtu kwa umbali wa mita 1, kilicho karibu na lenzi kinakua. Simu ikiwa usawa wa uso, kichwa na kifua vinakuwa vikubwa na miguu inafupika. Wateja wako hupigana picha hivyo hivyo pale kibandani, kisha wanailinganisha na ya Instagram. Rudi nyuma mita 3 au 4, weka 2x, shusha simu usawa wa tumbo, ishike wima bila kuinamisha. Utashangaa gauni lile lile linavyobadilika.

Kagua pia kioo chako. Kioo chembamba kilichoegemezwa ukutani hupinda katikati. Simamisha rula ndefu mbele yake, tazama kama inaonekana imenyooka. Kigundishe kwenye ubao wa plaiwudi, kitundike wima. Hakihitaji kuwa kikubwa: nusu ya urefu wa mtu inatosha kumwonyesha mwili mzima kikitundikwa pazuri, maana yake sentimita 85 kwa mtu wa 170. Na taa moja ya darini huchora vivuli chini ya kifua na tumbo. Weka nyingine mbele, usawa wa uso.

Ufaransa tangu 1 Oktoba 2017 picha ya tangazo ambayo mwili wa mwanamitindo umepunguzwa au kuongezwa kwa programu lazima iandikwe kwamba imerekebishwa. Norwei nao wameanza sheria ya namna hiyo Julai 2022, na inawagusa hata watu maarufu wa mitandaoni wanaolipwa kutangaza. Picha za mishono zinazozunguka kwenye simu zetu hazina alama kama hiyo, kwa hiyo mwenye kibanda ndiye wa kumwambia mteja.

---

Mdau Sinza:

Mnarefusha mambo. Mteja ndiye anayelipa. Akitaka abanwe, mbane. Akitaka mshono wa mwenye kiuno 26, apungue afike 26. Fundi si mshauri wa maisha.

---

Mkata Paterni:

Ndugu yangu, gauni la kitenge lililokatwa chini ya kipimo lina mahali pa kuachia: zipu usawa wa hipsi, mshono wa nyuma juu ya mpasuo, au kwapa. Linaachia mtu akikaa au akiinama kupokea zawadi. Likipasuka mbele ya ukumbi, hakuna atakayesema fundi alikosea, watasema yule mama ni bonge. Hiyo aibu imeshonwa kibandani, na fundi ana sehemu yake.

---

Mfamasia wa Zamu:

Dada UziNaSindano, anza na binti wa miaka 19, hilo ndilo la haraka.

Vidonge vinavyouzwa kwa jina la kuongeza hipsi na makalio, mara nyingi ndani yake ni dawa mbili zinazojulikana. Siproheptadini ni dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Deksamethasoni ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Hakuna kati ya hizo inayojua njia ya kwenda kwenye hipsi. Siproheptadini humfanya ale zaidi, na mafuta yanakwenda mwili wake unakoyaweka kwa kurithi. Deksamethasoni hujaza maji, huongeza mafuta usoni, shingoni na tumboni, hupandisha sukari na presha, na kwenye mikono na mapaja hula misuli. Binti anayetaka namba nane anaishia na uso wa mviringo na tumbo, na miguu imepungua.

Kama ameshazitumia kwa wiki kadhaa, asiache ghafla. Steroidi ikitumika muda mrefu, tezi za juu ya figo hupunguza kutengeneza homoni yake, na akikatiza anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, hata kuzimia. Aende hospitali na pakiti yake, daktari ampunguzie taratibu. Mwambie asione haya kuipeleka hiyo pakiti.

Wakimtajia sindano au upasuaji wa kuhamisha mafuta kwenda kwenye makalio, ajue hatari yake inajulikana. Kamati ya wataalamu wa upasuaji iliyochunguza jambo hili ilikadiria mwaka 2018 kifo 1 kati ya upasuaji 3,000, idadi kubwa sana kwa upasuaji wa urembo. Sababu ni mafuta kuingizwa ndani ya msuli, yakapenya mshipa mkubwa wa damu na kufika kwenye moyo na mapafu.

Chai ya kupunguza mwili: nyingi zina majani ya sena. Sena inaharisha kwa kuusukuma utumbo mpana, wakati nguvu ya chakula imeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na madini, hasa potasiamu, ambayo moyo unaihitaji upige sawasawa. Mizani inashuka kilo 1 au 2, na zinarudi akinywa maji. Mkanda nao unasukuma tu, hauyeyushi kitu. Jasho lililo chini yake si mafuta. Ukibana sana unaleta kiungulia na pumzi fupi, na ukivuliwa kiuno kinarudi kilipokuwa. Tena hakuna zoezi wala mkanda unaochagua sehemu moja ya mwili ipungue mafuta.

Jambo jingine kwa mafundi: futi yenu isitoe hukumu ya afya. Kiuno cha daktari hupimwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akiwa ametoa pumzi, na kwa mwanamke hatari huanza kuhesabiwa juu ya sentimita 80, ikiongezeka zaidi kuanzia 88. Kiuno chenu ni pale panapopendeza mshono. Ni sehemu mbili tofauti.

Na ukimwona binti anajitapisha baada ya kula, au anakwepa kila chakula, au ameacha kuona siku zake, hapo ni ugonjwa na una tiba. Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili, na rufaa inaanzia kituo cha karibu. Huko Fiji, televisheni ilipofika mkoa wa Nadroga mwaka 1995, watafiti waliwauliza wasichana wa shule kama wamewahi kujitapisha ili wasinenepe. Mwaka huo jibu lilikuwa sifuri. Mwaka 1998 lilikuwa asilimia 11.3. Ilichukua miaka 3 tu, na nyumbani kwao mwili mnene ulikuwa wa heshima kama ulivyo kwa bibi zetu.

---

UziNaSindano:

Asanteni sana, nimeandika yote. Binti nitazungumza naye kesho, peke yetu.

Kuna mama mmoja amekataa kupimwa. Anasema yeye ni 12 tangu aolewe, nimkatie 12. Nikimwangalia, 12 yoyote haimwingii.

---

Mzee wa Mitumba (Karume):

Muulize 12 ya wapi. 12 ya Uingereza ni 8 ya Marekani na 40 ya bara Ulaya. Kwenye belo moja utakuta sketi tatu zina namba tatu na kiuno kimoja. Nguo za China nazo zimekatwa ndogo: XL yao mara nyingi ni M au L ya Mzungu, ndiyo maana dada anaingia Kariakoo akiwa M anatoka akiwa XXL, njia nzima amenuna.

Hizo namba hazikutokana na mwili wake. Marekani walipima wanawake karibu 15,000 mwaka 1939 na 1940, na vipimo vya wasio weupe havikuingizwa kwenye hesabu. Kutokana na hapo ikatoka kanuni ya saizi mwaka 1958. Viwanda havikuifuata kwa muda mrefu, ikafutwa mwaka 1983, na kila kampuni sasa inaandika inachotaka. Nyingi zimekuwa zikiongeza upana wa nguo huku namba ikibaki ile ile, ili mnunuzi afurahi. Chukua sketi ya zamani ya 12 na mpya ya 12, ziweke juu ya meza moja umwonyeshe huyo mama. Kisha mpime.

---

Mkata Paterni:

Na ukimpima, usisome namba kwa sauti mbele ya foleni. Kibanda chenye watu 6, fundi anaita "hipsi hamsini na mbili!", msaidizi anarudia. Pima kimya, andika mwenyewe, funga daftari. Weka pazia. Pima wote asubuhi, maana baada ya pilau na soda kiuno kinaweza kuongezeka inchi nzima.

Rudi pia kwa kamati, wiki 5 zinatosha. Waambie sare ni kitambaa na rangi, si lazima iwe mshono mmoja. Wape mishono 3 kutoka kwenye picha ile ile: wa kubana kwa anayeutaka, wa kufuata kiuno na kuachia kuanzia hipsi, na wa kufunga mbele kwa mkanda. Wote wabaki na ule mkono wa puto na mpasuo, wataonekana kundi moja. Na kitenge kinunuliwe yadi 6 kwa kila mtu, bei moja. Msipime yadi kwa mwili, kwa sababu kuna mama ataambiwa mbele za watu aongeze hela ya kitambaa kisa yeye ni mnene. Mwenye kubakiwa ashone kilemba au pochi.

Wakikataa mishono 3, waombe angalau koseti iwe na kamba nyuma badala ya zipu. Kamba inatoa nafasi ya inchi 3 bila kufumua kitu.

---

UziNaSindano:

Kamati nitaiona Jumapili. Swali la mwisho: wapo wawili wanataka kuvaa vigodoro siku hiyo. Nikatae?

---

Mkata Paterni:

Usikatae, ni nguo kama sidiria yenye sponji. Ila aje nacho siku ya kupimwa, siyo siku ya kujaribu. Kigodoro huongeza hipsi inchi 2 hadi 4 na kuinua pindo la nyuma, kwa hiyo hipsi za juu, hipsi kamili, hipsi za kukaa na kiuno hadi goti nyuma vyote vinabadilika. Mpime nacho na bila nacho, andika safu mbili. Kata kwa ile ya nacho, akiba iache ubavuni na kwenye dati za nyuma, usiipunguze kwa mkasi. Tumbo na mgongo vikichoka kwa joto akaamua kukivua siku moja kabla, unafumua ubavu, unarudi kwenye safu ya pili, na gauni linamkaa.